Usawa wa StarCraft II: tusijadili namba za askari kabla ya kujadili vidole

#1 Mchimba_Madini

Wakuu, heshima zenu.

Ubishi wa nani kapendelewa kati ya Terran (binadamu), Zerg (wadudu) na Protoss (wageni wenye teknolojia), jamii tatu za gemu ya kompyuta StarCraft II, hauishi, na kila anayekuja anakuja na jedwali la uhai na pigo. Kwenye uzi huu nataka tupite njia nyingine. StarCraft II ya 2010 ni mwendelezo wa gemu ya 1998. Jamii ni zile zile tatu, askari kadhaa wamebaki na majina yao, lakini namba zilipanguliwa vibaya. Sababu kubwa ninayoiona: injini mpya ilimfungua mchezaji mikono, na kile kilichokuwa kinazuiwa na mikono ikabidi kizuiwe na namba.

Tukumbushane. Kwenye StarCraft ya kwanza na nyongeza yake, Brood War, unachagua askari 12 tu kwa mkupuo. Majengo unachagua moja moja, kwa hiyo mwenye Barracks (kambi za kuzalisha askari) nane anabofya mara nane. Kibarua akizaliwa anasimama mlangoni kama mgeni mpaka umpeleke mwenyewe kwenye madini. SC2 imefuta yote hayo. Jeshi zima linaingia kwenye namba moja, majengo yote ya aina moja yanachaguliwa pamoja, na kibarua anatoka akiwa ameshaelekezwa machimboni.

Kubwa zaidi ni uchawi. Brood War ukichagua High Templar (wachawi wa Protoss) watano ukaagiza Psionic Storm, yaani dhoruba, wote watano wanaiachia pale pale. Nishati ya watano imeteketea kwa kazi ya mmoja. Ilibidi uwachague mmoja mmoja huku vita vikiendelea. SC2 inamtuma mmoja tu kwa kila amri: T, bofya, T, bofya, na dhoruba tano zimetandikwa kama mikeka ya msiba kabla adui hajageuza jeshi. Sasa angalia namba. Dhoruba ya Brood War ilimpiga 112 aliyekaa ndani mwanzo mwisho. SC2 ilitoka na 80.

Siege Tank, kifaru cha Terran kinachojichimbia mahali pamoja ili kipige mbali, ni kesi ya pili. Sasisho 1.1 la Septemba 2010 lilishusha pigo lake akiwa amejichimbia kutoka 50 hadi 35, na nyongeza ya 15 kwa wenye alama ya Armored (wenye deraya nzito). Terran walilia sana. Lakini vifaru vya SC2 havipigi maiti: cha kwanza kikiua, cha pili kinatafuta mwingine. Brood War vifaru sita vinaweza kumtandika Zergling (askari mdogo wa Zerg) mmoja kwa wakati mmoja, mizinga mitano ikapotea bure. Ukichanganya na jinsi askari wa SC2 wanavyotembea wakiwa wamebanana, kila pigo la eneo linakuta watu wengi zaidi chini yake. Pigo likibaki la zamani, gemu inakuwa ya vifaru peke yake.

Nawasilisha. Wajuzi karibuni, wenye kinyume pia.

#2 Babu_wa_Brood

Mkuu umeanza vizuri ila umeruka mawili mazito.

Moja, aina za pigo. Brood War kila askari ana ukubwa: mdogo, wa kati, mkubwa. Pigo la explosive linamla mkubwa 100%, wa kati 75%, mdogo 50%. Concussive ni kinyume: mdogo 100%, wa kati 50%, mkubwa 25%. Kwa hiyo kifaru kile kilichoandikwa 70 kinampiga Zergling 35 tu, ambayo ni uhai wake wote. SC2 wameondoa asilimia na kuweka nyongeza kwa alama: Light (wepesi), Armored, Biological, Massive na kadhalika. Ile 35 ya sasisho 1.1 ukiitazama vizuri, kwa Zergling ni pigo lile lile la 1998. Aliyenufaika na mabadiliko si Zergling, ni Marine (askari wa miguu wa Terran) na Hydralisk (wa Zerg), waliokuwa wanapigwa 50 wakawa wanapigwa 35.

Pili, mlima. Brood War ukipiga kwa silaha ya mbali kutoka bondeni kwenda juu, risasi inafika kwa takriban 53% tu. Askari wachache juu ya ngazi wanazuia jeshi. SC2 wameondoa bahati nasibu hiyo: ukiwa na macho juu, risasi zote zinafika, na usipokuwa nayo huwezi kulenga kabisa. Mzigo umehamia kwenye kazi ya mkono, yaani macho (Overlord wa Zerg, scan ya Terran au Observer wa Protoss) yapelekwe kabla ya vita. Asiyefanya hivyo analaumu usawa.

#3 Dunga_Dunga

Nakubaliana na hoja kuu, ila naomba muone kwamba mzigo wa mikono haukuondolewa kwa jamii zote sawa. Waliondoa ya zamani wakaleta mapya matatu: Zerg kudunga mabuu (Queen anaiongezea Hatchery, yaani msingi wa Zerg, mabuu ya kuzaa askari), Terran kuita MULE (kibarua wa muda), Protoss kuongeza kasi ya jengo kwa Chrono. Yanafanana kwa nje tu. Tofauti iko kwenye adhabu ya kuchelewa.

Terran akisahau, nishati inakaa kwenye Orbital Command, msingi wake. Baada ya dakika mbili ana nishati 100, anaita MULE wawili kwa mpigo. Kila MULE anagharimu 50, anaishi sekunde 64 na kuleta madini kama 225, tena anachimba kitalu ambacho SCV (kibarua wa kawaida wa Terran) tayari yupo. Amechelewa kupata fedha, hajaipoteza. Protoss vivyo hivyo.

Zerg kwa miaka ya mwanzo alikuwa anapoteza moja kwa moja. Hatchery ilikubali mdungo mmoja tu kwa wakati, ukichelewa sekunde 20 zimekwenda na hazirudi. Ndiyo maana Zerg wa ngazi za chini alionekana dhaifu na Zerg wa ngazi za juu akaonekana ana viumbe visivyoisha. Hawakuwa wanacheza jamii moja. Sasisho la Novemba 2016, yaani 3.8, ndilo lililoruhusu midungo ipangwe foleni.

Hesabu zake, kwa saa ya sasa. Mdungo ni nishati 25, unachukua sekunde 29, unatoa mabuu 3. Hatchery yenyewe inazaa buu moja kila sekunde 11 hivi, lakini inaacha kuzaa yakifika matatu. Kwa hiyo ndani ya sekunde 29 unapata mawili hadi matatu ya bure na matatu ya mdungo. Unazidisha mara mbili, basi. Queen anarudisha nishati 25 kwa takriban sekunde 32. Maana yake Queen wa kudunga hana ziada ya kuweka jipu la kripu, yaani zulia la Zerg. Anayetaka zulia lienee aongeze Queen wa kazi hiyo tu, na wala asimweke kwenye kundi la wadungaji.

Angalizo kwa wanaosoma miongozo ya zamani: kabla ya nyongeza ya Legacy of the Void ya 2015 saa ya gemu ilikuwa inakwenda mara 1.4 ya saa ya ukutani. Ukiona "mdungo sekunde 40", gawa kwa 1.4 utapata hiyo 29.

#4 kikombe_cha_gesi

Zerg 1-A tu, chagua kundi la 1 ubonyeze A ya kushambulia. Mnazungusha maneno.

#5 Dunga_Dunga

Mkuu #4, Baneling (mdudu wa Zerg anayejilipua) ukimpeleka kwa amri ya A analipukia kitu cha kwanza atakachokutana nacho, mara nyingi Marauder (askari mzito wa Terran), ambaye ana uhai 125 na hana alama ya Light. Pigo lake kwa huyo ni chini ya nusu ya 35 anazompiga Marine. Endelea na 1-A.

#6 Mchimba_Madini

#3 umenikumbusha jaribio ambalo watu wamelisahau. Agosti 2015, wakati wa majaribio ya Legacy of the Void, Blizzard waliondoa MULE na Chrono kabisa, na kudunga wakakufanya kujiendeshe kwenyewe. Hoja ilikuwa ile ile ya uzi huu: vidole vimechoka kwenye uchumi, vipelekwe vitani. Halikudumu. Mambo matatu yalirudishwa yakiwa yamepunguzwa, na mdungo ukashuka kutoka mabuu manne hadi matatu. Chrono ya mwanzo wa toleo lile ilikuwa ya kudumu: unaielekeza jengo moja, inaongeza 15% mpaka uihamishe. Kazi ya mkono karibu sifuri. Sasisho 4.0 la Novemba 2017 likairudisha kwenye nishati: 50 kwa sekunde 20, kasi 50%. Tangu hapo Protoss anayejua kupanga muda wake akaachana tena na asiyejua.

Kwa maoni yangu lile jaribio lilikosea mahali pamoja tu. Walidhani kazi ya uchumi na kazi ya vita zinashindana kwa nguvu sawa kwa kila jamii. Hazishindani hivyo. Terran akiondolewa MULE anapoteza kipato, Zerg akiondolewa kudunga kwa mkono anapumzika tu. Huwezi kuviweka kwenye mizani moja.

Mfano mwingine unaonyooka zaidi: mwanzoni mwa Legacy of the Void, Medivac (ndege ya Terran ya kubeba na kuponya askari) iliweza kubeba Siege Tank akiwa amejichimbia na kumshusha akiwa tayari kufyatua. Udhibiti huo uliondoa udhaifu wa kifaru, yaani kukaa mahali pamoja. 3.8 ikaufuta, na siku hiyo hiyo pigo likapanda kutoka 35 (+15) hadi 40 (+30). Ruhusa ya mkono iliondolewa, namba ikalipwa.

#7 ngazi_ya_shaba

Wakuu nimefuata uzi kimya. Maswali mawili ya mgeni. Moja, kwa mtu aliyeko Mwanza kanda ipi inafaa, na je lagi inaharibu jamii moja kuliko nyingine? Pili, vidole vyangu havifiki namba 6 mpaka 0 bila kuangalia kibodi. Mnapangaje makundi?

#8 Nyaya_za_Pwani

Najibu la kwanza. Kanda za kuchagua wakati wa kuingia ni Amerika, Ulaya na Asia. Afrika haina seva. Chagua Ulaya, maana nyaya nyingi za baharini kutoka Mombasa na Dar es Salaam hupanda kaskazini kupitia Bahari ya Shamu. Akaunti moja inaingia kanda zote, ila ngazi yako inahesabiwa kivyake kila kanda.

Kuhusu lagi, fahamu kwanza inavyofanya kazi. Amri yako haitekelezwi kwenye kompyuta yako papo hapo. Inakwenda seva, inarudi, ndipo wachezaji wote wanaitekeleza kwenye mzunguko mmoja. Kwa kasi ya kawaida ya mashindano gemu ina mizunguko 22.4 kwa sekunde. Kwa hiyo hata askari wako mwenyewe anakusikia kwa kuchelewa.

Sasa tofautisha aina mbili. Uchelewaji usiobadilika, tuseme milisekunde 180 muda wote, hauharibu mdundo. Marine aliyechoma stimu (dawa ya kasi inayokula uhai wake) anapiga kila sekunde 0.41. Ukibofya A, kisha kutembea, kisha A kwa mdundo huo, amri zote zinafika zikiwa zimesogea mbele kwa kiasi kile kile, nafasi kati yao haibadiliki. Kinachoharibika ni kujibu ulichokiona: Baneling wanaingia kwenye skrini, unagawanya, amri inafika wameshalipuka. Uchelewaji unaoyumba ndio muuaji. Mara 150, mara 320, na amri ya kutembea inaipita risasi kabla haijatoka. Risasi inakatishwa, Marine anacheza dansi bila kufyatua.

Ya kufanya: waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, na kama ni simu inayogawa intaneti, iunganishe kwa USB. Zima masasisho ya nyuma ya Windows na simu zote zilizoshika mtandao huo. Kisha chagua mbinu zinazolipwa kwa maandalizi: vifaru vilivyokwisha kujichimbia, Lurker (Zerg wanaopiga wakiwa ardhini) waliokwisha kufukiwa, Shield Battery (majengo ya Protoss ya kurudisha ngao) zilizojengwa mapema, jeshi lililotawanywa kabla ya vita. Blink (kuruka ghafla) ya Stalker wa Protoss mmoja mmoja mwenye ngao iliyoisha, iache kwa walioko karibu na seva.

#9 Stimu_Kali

Najibu la pili. Makundi ya namba 6 hadi 0 yahamishie kwenye vitufe vilivyo karibu na mkono wa kushoto. Ingia kwenye mipangilio ya vitufe, tengeneza wasifu wako, nenda sehemu ya makundi, na weka mfano kitufe cha tilde kilicho kushoto ya 1 kiwe kundi la 6. Wengi wanahitaji makundi matano au sita tu.

Kwa Terran: 1 Marine na Marauder na Medivac, 2 vifaru, 3 Medivac za kushusha kwa siri, 4 Command Center (misingi) zote, 5 Barracks, Factory na Starport pamoja, unaruka kati yake kwa Tab. Ctrl na namba inaunda kundi upya, Shift na namba inaongeza. Ambayo watu hawaitumii ni Alt na namba: inaunda kundi na kuwaondoa askari hao kwenye makundi mengine yote. Ukigawa Marine nane wa kushusha nyuma ya adui bila Alt, bado wako kundi la 1. Ukiagiza 1-A mbele, wale nane wanashuka kwenye Medivac kichwani mwako tu, maana kwenye ramani wanarudi mbio kujiunga na wenzao na kufia njiani.

Usizoee F2, ile ya kuchagua jeshi lote. Inakusanya na Marine wawili uliowaacha kama macho na vifaru ulivyovichimbia nyumbani.

Sasa kugawanya mbele ya Baneling, kwa hesabu. Baneling anampiga mwenye alama ya Light 35, na mlipuko unafika umbali wa 2.2. Marine ana uhai 45, akiwa na uboreshaji wa Combat Shield 55. Stimu inakula 10. Marine asiye na Combat Shield akichoma stimu anabaki na 35, Baneling mmoja anamtosha. Mwenye Combat Shield anabaki na 45, wanahitajika wawili. Akichoma mara mbili bila Medivac kumponya, amerudi kwenye 35. Hapo ndipo jeshi linapoisha na mtu anasema Zerg wamezidi. Hakikisha Combat Shield imekamilika, choma mara moja, na Medivac ziwe juu ya kundi, zisiachwe nyuma.

Zoezi lenyewe: kabla ya vita, tawanya kwa upinde. Zungushia robo ya kundi, tembeza pembeni juu. Robo nyingine, pembeni chini. Nusu iliyobaki irudi nyuma kidogo. Vita vikianza, amri ya kwanza ni wote kurudi nyuma, kwa sababu Zergling na Baneling hawana kasi sawa na kurudi kunawatenganisha. Ya pili unakata nusu kwenda pembeni. Ya tatu unakata tena nusu ya iliyobaki kama mkono unaruhusu. Usitafute mgawanyo wa mapro wa Korea wa vikundi saba. Vikundi vitatu vinaokoa sehemu kubwa ya jeshi. Vifaru viwili nyuma vinamaliza kazi: Baneling ana uhai 30 na kifaru kinapiga 40.

Kosa la kawaida ni kugawanya kwa amri ya A. Askari wanasimama kufyatua kabla hawajatengana. Gawanya kwa kutembea, kisha A.

#10 Dunga_Dunga

Na upande wa pili wa shilingi: Zergling kundi lao, Baneling kundi lao. Zergling waingie kwanza kwa A kutoka pande mbili ili Marine wawe na cha kupiga. Baneling waende kwa kutembea, bofya nyuma ya kundi la Marine ili wapite katikati yao. Usiogope wakipigwa risasi njiani, Baneling akiuawa hulipuka vile vile. Wakiwa katikati bonyeza X uwalipue mwenyewe, au geuza kwa A wakiwa tayari wamezungukwa na Marine.

Kuhusu kudunga, njia ya Backspace ni hii. Queen wadungaji wote kundi la 4. Kishale kiweke katikati ya skrini. 4, V, Backspace, bofya. V, Backspace, bofya. V, Backspace, bofya. Kila Backspace inaruka kwenye msingi unaofuata na Hatchery inatua chini ya kishale. Anayetumwa ni Queen aliye karibu. Tatizo lake: Queen wa karibu akiwa hana nishati 25, gemu inamtuma wa msingi mwingine, naye nje ya zulia anatembea kama aliyebeba ndoo kichwani. Ukiona Queen yuko njiani peke yake, jua chanzo ni hicho. Suluhisho ni lile nililosema, Queen wa kripu asiwe kundi la 4.

Kuna kingine kinaitwa magic box, kwa Mutalisk (Zerg wanaoruka) dhidi ya Thor (roboti kubwa ya Terran). Wanaoruka wakiachwa wamesimama hutengana wenyewe. Ukiwaagiza waende mahali palipo nje ya eneo walilotandaa, wanakwenda kwa mpangilio ule ule bila kukusanyika. Ukibofya kitu kilicho ndani ya eneo lao, au ukiwaagiza wampige Thor moja kwa moja, wanarundikana na kombora moja linawala wote. Kwa hiyo: simamisha, subiri watengane, agiza watembee kupita juu ya Thor, wakifika juu yake bonyeza S. Wataanza kupiga wakiwa wametandaa.

#11 Pailoni_Moja

Mmesahau Protoss kama kawaida. Nitasema la Warp Gate halafu la namba.

Warp Gate, yaani Gateway (kambi ya Protoss) iliyogeuzwa ili kushusha askari mbali, ndiyo mkono uliobadilisha Protoss wote. Askari anatua popote penye Pylon (jengo dogo la nishati), kwa hiyo umbali wa kusafiri, ambao ndio faida ya anayejilinda kwenye gemu zote za aina hii, unafutika. Matokeo: askari wa Gateway hawaruhusiwi kuwa na nguvu sana kivyao, vinginevyo shambulizi la dakika ya nne halizuiliki. Legacy of the Void iliweka dawa nzuri: Pylon iliyo karibu na Nexus (msingi wa Protoss) au Gateway inashusha haraka, Pylon ya pembezoni inachukua muda mara nne. Warp Prism (chombo cha kuruka cha kubebea askari) inashusha haraka popote, na ndiyo maana kuiua kunalipa kuliko kuua Zealot (askari wa upanga wa Protoss) wawili. Mwenye kulalamikia Protoss atafute kwanza Pylon iliyofichwa. Kibarua mmoja kuzunguka kingo za msingi wako anagharimu 50.

Sasa namba. Watu wanadhani kupunguza pigo kwa 1 ni mapambo. Januari 2016, Adept wa Protoss alikuwa anapiga 10, na 13 zaidi kwa Light. Jumla 23, mara mbili 46. SCV na Marine wote wana uhai 45. Wakashusha nyongeza hadi 12: 22 mara mbili ni 44. Marine anabaki na 1 na anahitaji risasi ya tatu. Drone na Probe, vibarua wa Zerg na Protoss, wana 40 kwa jumla, kwao hakuna kilichobadilika. Kwa pointi moja wamegusa Terran tu.

Hellion (gari la Terran la kurusha moto) wa moto wa bluu ni hivyo hivyo. Kabla ya sasisho 1.4 la Septemba 2011 alikuwa na 8, 6 kwa Light, na 10 za moto wa bluu: 24, kibarua yeyote anakufa kwa mipigo miwili. Wakakata 10 kuwa 5. Ikawa 19, na Drone wa 40 anahitaji mitatu. Maana yake ni muda wa kukimbiza vibarua. Adhabu ya kutotazama ramani kwa sekunde mbili ikapungua bila kugusa kasi wala masafa.

Nyumbani kwetu: Zealot anapiga 8 mara mbili. Zergling ana 35. Mipigo mitatu. Ukimaliza uboreshaji wa kwanza wa silaha ni 9 mara mbili, 18, mipigo miwili inatosha. Elekeza Chrono kwenye Forge, jengo la maboresho hayo.

#12 Babu_wa_Brood

#11 sahihi, ila ongeza kwamba Zerg akipata deraya ya kwanza, 9 inarudi kuwa 8 na mipigo inarudi mitatu. Shambulizi la Zealot la +1 lina dirisha. Tuma mtu akatazame kama Evolution Chamber, jengo la maboresho la Zerg, inafanya kazi. Na hilo la deraya linafanya kazi Zerg kwa Zerg pia: Baneling anampiga Zergling 35 kamili, mwenye deraya +1 anabaki na uhai 1 na anaendelea kutafuna, mpaka mwenzake naye aboreshe shambulizi.

Kwa kuwa Hellion ametajwa, nitaje sasisho ninaloliona lilivunja zaidi mizani ya Wings of Liberty (toleo la kwanza la SC2), na linahusu mikono. Mei 2012 masafa ya Queen ardhini yaliongezwa kutoka 3 hadi 5. Hellion ana 5. Kabla ya hapo Hellion wanne waliweza kumpiga Queen na kurudi nyuma bila kuguswa, kazi ya vidole iliyomlazimisha Zerg atumie gesi mapema kwa Roach (askari mgumu wa Zerg) au kasi ya Zergling. Baada ya hapo Queen wanne wanashikilia misingi mitatu bila gesi kabisa. Gesi yote ikaenda kwenye Infestor na Brood Lord, askari wa Zerg wa mwisho wa mechi, na nusu ya pili ya 2012 ikawa mechi ile ile kila siku. Fungal Growth, uchawi wa Infestor, ya wakati huo ilinasa papo hapo, hukwepi. Nyongeza ya Heart of the Swarm ya 2013 ikaigeuza kuwa kombora linalosafiri, yaani ukarudishiwa nafasi ya kutumia mkono.

#13 kikombe_cha_gesi

Sawa, nimekubali la Baneling. Ila kwa ngazi ya shaba mnamwambia nini? Hizi za mgawanyo hazimhusu.

#14 Stimu_Kali

Kweli. Mgeni aanze na uchumi, usawa wa jamii haumgusi bado. Msingi mmoja una vitalu 8 vya madini, unataka vibarua 16 hapo na 3 kwa kila gesi, gesi ni mbili. Jumla 22. Zaidi ya 24 kwenye madini ni hasara. Asizidishe foleni ya vibarua zaidi ya wawili kwenye Command Center, fedha iliyolala foleni haijengi Barracks. Kila anapopeleka amri ya vita arudi kwenye kundi la 4 na la 5 kabla ya kutazama matokeo. Vita atavitazama kwenye marudio ya mechi.

Akitaka kuonja hizo hesabu za Marine na Baneling, kwenye Arcade kuna ramani za kujaribia askari, na gemu yenyewe ni bure tangu Novemba 2017. Aweke Marine 16 na Baneling 8, arudie mara kumi kwa vikundi viwili, kisha mara kumi kwa vitatu.

#15 ngazi_ya_shaba

Nimehamisha kundi la 6 kwenye tilde na Alt nimeielewa. Swali dogo la mwisho: Alt na Shift kwa pamoja?

#16 Stimu_Kali

Inaongeza kwenye kundi lililopo na kuwaondoa kwingine. Itumie kwa askari wapya wanaotoka Barracks wakiwa bado kwenye kundi la muda.

#17 Mchimba_Madini

Nakubali la Babu kwenye #2, nilipaswa kueleza aina za pigo kabla ya kulinganisha vifaru vya gemu hizi mbili. Pailoni, kwenye Warp Gate tutabishana, naona Sentry (askari wa Protoss) na ile Force Field, ukuta wake wa nishati 50, vilibana nguvu za Gateway kuliko Pylon zenyewe, angalau mpaka Ravager wa Zerg alipokuja 2015 na kuanza kuzivunja. Nitafungua uzi wake.